Maji Moto Hawana Msimamizi

Mchumaji karafuu wa Kizimbani hapandi mti kabla ya kuuzunguka. Anainua macho, na anachotafuta si mashada yaliyoiva tu. Anatafuta pia mafungu ya majani yaliyoshonwa pamoja katikati ya matawi. Akiyaona anajipaka majivu mikononi na shingoni, anafunga miguu ya suruali kwa kamba ya usumba, ndipo anaparamia. Ndani ya mafungu yale wanaishi maji moto, chungu wekundu wa mitini ambao watoto wa mashamba ya pwani hii wanakua wakiwajua kwa ngozi zao. Maji moto anauma kwa meno, kisha anakunja tumbo na kumwagia asidi ya fomiki pale pale alipouma.

Kizimbani nilifika kwa daladala kutoka mjini Unguja, karafuu zikiwa zimeanikwa kwenye majamvi pande zote za barabara. Mahali hapa pana heshima yake katika historia ya kisiwa: hapa na Mtoni ndipo Saleh bin Haramil anapokumbukwa kuotesha mikarafuu ya mwanzo, karibu na mwaka 1818. Lakini mimi nilifuata wadudu. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiandamwa na swali ambalo wataalamu wa wanyama, wa hesabu na wa kompyuta wanalichimba pamoja: akili ya kundi inatoka wapi, ikiwa kila aliyemo kundini ana akili ndogo mno? Wengine huliuliza kwa ndege warukao kwa maelfu bila kugongana, wengine kwa samaki, wengine kwa mchwa na vichuguu vyao. Niliona nianze na kiumbe ambaye kwetu yuko nyuma ya nyumba.

Mzee aliyenipokea, mwenye shamba la mikarafuu na minazi aliyorithi kwa baba yake, alinipeleka kwenye mkarafuu mchanga wenye matawi ya chini. "Simama hapa, usiegemee," aliniambia. "Wanajenga leo."

Mwanzoni sikuona ujenzi wowote. Chungu mmoja alishika ukingo wa jani kwa meno akavuta. Jani halikutii. Akaliacha, akasogea kidogo, akavuta kwingine. Wenzake kadhaa walikuwa wakifanya vivyo hivyo, kila mmoja mahali pake, hakuna aliyemtazama mwenziwe. Ungesema ni fujo tupu. Kisha ncha ya jani moja ikalegea, ikajikunja kwa kiasi ambacho jicho langu liliweza kukiona kwa shida. Aliyekuwa jirani akaja akashika pembeni yake. Akaja wa tatu, wa nne. Waliokuwa wakihangaika na majani magumu wakayaacha mmoja mmoja, na baada ya muda mstari mzima wa chungu ulikuwa umejipanga ubavu kwa ubavu kwenye ukingo ule mmoja, miguu ya nyuma imekaza kwenye jani la pili. Pale upenyo ulipokuwa mpana kuliko urefu wa mwili wa chungu, mmoja alimshika mwenziwe kiunoni kwa meno, mwingine akamshika yeye, ukafanyika mnyororo wa viumbe hai ukivuta jani kuelekea jani.

Majani yalipokaribiana walitokea wengine kutoka kiota cha zamani, kila mmoja amebeba buu mdomoni. Hapa mzee alinigusa bega nisogee. Buu la maji moto linatoa hariri. Mfanyakazi analishika kiunoni, analigusisha kichwa kwenye ukingo wa jani hili, analipeleka kwenye ukingo wa jani la pili, analirudisha, na kila likigusa linaacha uzi. Chungu wa aina nyingi hutumia hariri ya utotoni kujifungia ndani ya kifukofuko mpaka wakomae. Watoto wa maji moto hawana kifukofuko. Hariri yao yote inakwenda kwenye nyumba ya wote.

Kilichonishika hapo ni jinsi kanuni zenyewe zilivyo nyepesi. Vuta jani, likilegea endelea, lisipolegea ondoka. Ukikuta wenzako wanavuta, jiunge. Kadiri mnyororo ulivyo na wengi, usifanye haraka kuuacha. Hakuna chungu hata mmoja mwenye ramani ya kiota kichwani, wala anayejua kwamba jani fulani ndilo bora kwa ujenzi. Mtafiti Jean-Louis Deneubourg na wenzake walilipima jambo hili kwa maji moto hawa hawa wa Afrika: waliwapa nafasi mbili zinazofanana kabisa za kufanyia minyororo. Chungu walianza pande zote mbili, na mwishowe wakakusanyika upande mmoja. Uamuzi ulifanyika na hakuna aliyeamua. Upande mmoja ulibahatika kupata wachache wa ziada, wachache wale wakawafanya wengine wakae, na waliokaa wakawavuta waliobaki.

Nilimuuliza mzee kama watu hawamuulizi mkubwa wa chungu hawa ni nani.

"Wa mjini wote wanauliza hivyo," alijibu. "Mwanangu, hawa hawana mkubwa. Malkia yupo, yumo ndani ya kiota kimojawapo, lakini kazi yake kuzaa tu. Hajui hata huu ni mkarafuu au mwembe."

Kisha akanikumbusha Sura ya An-Naml, habari ya Nabii Suleiman kupita na majeshi yake kwenye bonde la chungu, na chungu mmoja akawaonya wenziwe waingie majumbani wasije wakakanyagwa. Alisisitiza kwamba aliyeonya hakutajwa kuwa mfalme. Ni chungu aliyeona, akasema, na wengine wakasikia. Nami nikamwambia kwamba katika Biblia, kitabu cha Mithali, ambacho nacho kinahusishwa na Suleiman huyo huyo, mvivu anatumwa kwenda kumtazama chungu, na sababu inayotajwa ni kwamba chungu hana akida, wala msimamizi, wala mtawala, na bado anaweka akiba. Mzee alilipenda sana hilo. Tukakaa tukalizungumza mpaka adhana ya alasiri.

Siku iliyofuata alinipitisha chini ya minazi. Huko habari ya maji moto inakuwa habari ya riziki. Yuko mdudu mdogo, kunguni wa minazi, afyonzaye utomvu wa nazi changa. Kitale akishakitoboa kinadondoka, au kikibaki juu kinakua na makovu ya utomvu na nazi yake inakuwa duni. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa wadudu, Michael Way, alifanya kazi hapa Unguja akichunguza kwa nini minazi mingine inadondosha vidaka na vitale huku mingine, hatua chache pembeni, imebeba. Jibu alilikuta kwa chungu. Mnazi wenye maji moto hauna kunguni, au anao wachache, kwa sababu maji moto wanawinda kila kitembeacho juu yake. Kunguni huyo hadi leo jina lake la kisayansi, Pseudotheraptus wayi, limebeba jina la Way.

Lakini maji moto nao wana adui. Chini, kwenye mizizi na takataka, wapo sisimizi wadogo wa kahawia ambao askari wao wana kichwa kikubwa kisicholingana na mwili. Wakistawi kwenye shamba wanawafukuza maji moto kutoka mnazi mmoja hadi mwingine, na nyuma yao kunguni anarudi. Mzee alinionyesha mpaka wa vita hivyo: mnazi huu maji moto, unaofuata sisimizi, na pale chini vitale vimetapakaa. Sisimizi hao hao ndio wanaosumbua Laikipia, Kenya, ambako wameua chungu waliokuwa wakiilinda migunga dhidi ya tembo. Tembo wakaivunja migunga, nyika ikawa wazi, simba wakakosa pa kujificha wakimvizia pundamilia, na utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba wamegeukia nyati zaidi. Mdudu asiyejaza ncha ya kidole amebadilisha chakula cha simba. Mtu akisema mambo ya chungu ni madogo, namkumbusha Laikipia.

Kabla ya kuondoka Unguja nilipita pwani ya Bububu wakati watu wanakokota mashua nchi kavu. Mmoja aliimba, wengine wakaitikia na kuvuta. Mwaka 1913 Mfaransa Max Ringelmann alichapisha vipimo vya watu wakivuta kamba, naye alikuta kwamba kadiri wavutaji wanavyoongezeka ndivyo kila mmoja anavyovuta kwa nguvu ndogo kuliko angekuwa peke yake. Kidogo mmoja anamtegea mwenziwe, kidogo wanapishana mapigo, na ndiyo maana watu wa pwani huimba. Maji moto hawaimbi. Mwaka 2025 watafiti wa Macquarie University ya Australia walipima jamaa zao wa huko wakivuta majani ya karatasi, wakakuta kinyume cha Ringelmann: katika kikundi cha chungu kama 15, nguvu ya kila mmoja ilikaribia mara mbili ya ile aliyokuwa nayo peke yake. Wa mbele wanavuta, wa nyuma wanakaza miguu na kushikilia kile kilichokwisha kupatikana, jani lisirudi. Hakuna aliyewagawia zamu. Chungu aliye mwisho wa mnyororo anashikilia kwa kuwa yuko mwisho wa mnyororo.

Nilivuka kwa boti hadi Dar es Salaam, nikapanda basi la Tanga. Kuanzia Segera wachuuzi wanakimbilia madirishani na nyavu za machungwa, na ukifika Muheza machungwa yamepangwa kando ya barabara kwa mafungu. Kwenye michungwa ile nako wamo. Mama aliyeniuzia aliniambia anaacha viota vikae mpaka karibu na kuvuna, kisha anawatimua kwa moshi. Nikawakumbuka wakulima wa kusini mwa China, ambao kwa zaidi ya miaka 1000 wamekuwa wakining'iniza viota vya jamaa wa Asia wa maji moto kwenye michungwa yao na kuunganisha mti na mti kwa fito za mianzi, chungu wapate njia. Hakuna mahali duniani ninapopajua ambapo mkulima alianza kumtumia mdudu dhidi ya mdudu mapema kuliko hapo. Na kwetu, katika mradi wa taifa wa kuendeleza minazi ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti walishauri jambo lile lile: kamba kati ya mnazi na mnazi, na miti mingine kama michungwa katikati, ili maji moto wasilazimike kushuka chini kwenye himaya ya sisimizi.

Horohoro nilivuka mpaka wa Kenya kwa miguu, Lunga Lunga nikapata matatu. Kwenye njia panda ya Kombani nikabadilisha gari, barabara ikapanda kwenda Kwale, joto la pwani likabaki chini. Kwenye hifadhi ya Shimba Hills wageni wanakwenda kuona palahala, swala weusi wenye pembe zilizopinda nyuma, ambao Kenya nzima hawapatikani pori jingine. Niliwaona, ni wazuri. Lakini msitu huu una sifa nyingine isiyoandikwa kwenye vibao. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa chungu Bert Hölldobler alikuja hapa kuchunguza maji moto, na yale aliyoyafanya yeye na Edward O. Wilson kwa koloni zilizotoka huku yakawa miongoni mwa mambo yanayojulikana zaidi kuhusu mawasiliano ya chungu. Koloni moja inaweza kufikisha chungu nusu milioni. Koloni moja ya hapa ilikuwa imetawala miti 17. Malkia mmoja, viota vingi, na mipaka inayolindwa usiku na mchana.

Wanaongoza himaya hiyo kwa lugha fupi ajabu. Hölldobler na Wilson walihesabu njia tano za kuitana: kwa chakula kipya, kwa eneo jipya la kukalia, kwa kuhama, kwa adui aliye karibu, na kwa adui aliye mbali. Kila moja ni mchanganyiko wa harufu na mwendo. Chungu aliyeona adui anarudi kiotani akiburuza tumbo na kuacha mstari wa harufu, na akikutana na mwenziwe anatikisa mwili mbele yake kama anayepigana. Mwenziwe anafuata mstari. Wengine hufanya zaidi: wakishatikisiwa, nao huwatikisia wengine kabla hawajafika kwenye tukio. Habari inakimbia kuliko miguu.

Na wamekuwa wakifanya hivi tangu zamani sana. Kisiwani Mfangano, Ziwa Victoria, familia ya Leakey ilikusanya mabaki ya kale ambayo Wilson na Robert Taylor waliyaeleza mwaka 1964: kipande cha koloni ya chungu wa ukoo huu, wafanyakazi, mabuu na wote, kilichogeuka jiwe zaidi ya miaka milioni 15 iliyopita. Tayari walikuwa wa saizi mbili, wakubwa na wadogo, sawasawa na wale wa Kizimbani ambao wakubwa wanatoka kuwinda na wadogo wanalea ndani. Ilinichukua muda kulikubali hilo. Mpango wa kazi uliodumu kiasi hicho, na haukuandikwa popote ila kwenye miili ya wanaoufanya.

Ndani ya msitu, kwenye njia ya kuteremka maporomoko ya Sheldrick, askari wa wanyamapori aliyeniongoza alininyooshea mkono nisimame. Siafu walikuwa wanavuka. Wafanyakazi wa siafu hawana macho. Kila mmoja anafuata harufu ya aliyetangulia na mguso wa aliye jirani, na kwa njia hiyo msafara mzima unavuka njia kati ya kingo mbili za askari waliosimama wameinua taya. Tuliwangoja. Askari akasema kwao Digo wakiingia nyumbani mtu anatoka tu na kuwaachia nyumba, wakiondoka hakubaki kunguni wala mende.

Hapo njiani nilikumbuka jambo ambalo kila anayesifu akili ya makundi anapaswa kuliweka mbele yake. Mwaka 1921 mtaalamu wa viumbe William Beebe aliandika juu ya chungu wa misafara aliowaona Guyana, ndugu wa mbali wa siafu. Sehemu ya msafara ilikuwa imepotezana na wenzao, wa mbele akakutana na njia ya wa nyuma, akaifuata. Duara likafungwa. Lilikuwa na mzingo wa mita zipatazo 360, na chungu mmoja alihitaji saa mbili na nusu kulimaliza. Walizunguka mpaka wengi wao wakafa. Kanuni haikuvunjwa na yeyote. Kila mmoja alimfuata aliye mbele yake kwa uaminifu kamili, na uaminifu ule ndio uliowaua.

Kwa hiyo siamini kwamba wingi peke yake unaleta akili. Nilipolinganisha duara la Guyana na mkarafuu wa Kizimbani niliona tofauti moja. Maji moto anaitikia wenzake, lakini kabla ya kujiunga na baada ya kujiunga analivuta jani kwa meno yake mwenyewe, na lisipolegea anaondoka. Kuna mambo mawili yanayoliokoa kundi: kila mmoja bado anagusa kitu chenyewe, na alama inafifia isipothibitishwa. Majaribio ya Deneubourg ya daraja lenye njia mbili, fupi na ndefu, yalionyesha jinsi alama hizo zinavyoamua. Chungu wanaopita njia fupi wanakwenda na kurudi upesi, harufu yao inaongezwa mapema, ile ya njia ndefu inabaki dhaifu, na baada ya muda karibu wote wanapita njia fupi ingawa hakuna aliyezipima zote mbili. Marco Dorigo alichukua kanuni hiyo katika utafiti wake wa shahada ya udaktari huko Milano, mwaka 1992, akaifanya programu ya kutafuta njia bora kati ya miji mingi. Hakusahau kuiwekea kufifia: bila hiyo, programu inang'ang'ania njia ya kwanza iliyoonekana nzuri hata kama ni mbaya.

Nayaandika haya nikiwafikiria watu kuliko chungu. Simu zetu siku hizi zinatikisa mwili kila dakika. Habari inapita mikononi mwa maelfu ambao hawajafika kwenye tukio, haififii, na kila anayeituma anaihesabu idadi ya waliokwisha kuituma kuwa ni ushahidi. Hilo ni duara la Beebe, na nimeona likifungwa kwa uvumi wa wachawi, wa dawa na wa wezi, mpaka mtu asiye na hatia akapigwa. Dawa yake haitakuwa kutafuta mkubwa mmoja wa kutufikiria sote. Ni kila mmoja kulivuta jani kabla ya kutikisa.

Kwa wenye minazi, mikorosho na michungwa nina ombi mahususi. Msichome viota vya maji moto. Kama mti wako hauna, kata tawi lenye kiota asubuhi mapema kungali na baridi, lifunge kwenye mfuko, ulining'inize kwenye mti unaoutaka, kisha uunganishe mti huo na jirani zake kwa kamba au ufito. Hakikisha kwanza sisimizi wa chini hawajaushika mti, la sivyo unawapelekea mawindo. Na viota vyote uvitoe kwenye koloni moja, kwa sababu maji moto wa koloni mbili ukiwaweka pamoja watauana.